Pointi 16, Pointi 17: Nani Ataingia Udaktari?

Matokeo ya UACE yakishatangazwa, kwa kawaida Februari au Machi, swali moja huzunguka Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa wiki kadhaa: "Mwanangu ana pointi kumi na sita. Udaktari atapata?" Anaulizwa mwalimu mkuu, anaulizwa mchungaji, anaulizwa imamu, anaulizwa binamu aliyewahi kusoma Makerere. Kila mmoja hujibu, maana kumnyima mzazi jibu siku kama hiyo kunaonekana ukatili. Mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema jaribu uuguzi, na familia inaanza kuuza ng'ombe au kukata tamaa kwa kutegemea nani aliulizwa kwanza.

Swali likiulizwa hivyo halina jibu. Pointi 16 zinaweza kumwingiza mtu udaktari na pointi 17 zikamwacha nje, na hakuna aliyeonewa. Kuielewa sababu yake kunamsaidia mzazi kuliko bahati yoyote, na ni hesabu ya darasa la saba tu.

Uganda haina mtihani wa kitaifa wa kuingilia chuo cha tiba. Kinachotumika ni UACE yenyewe, mtihani wa kidato cha sita wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Mwanafunzi hufanya masomo makuu matatu, pamoja na GP (General Paper, karatasi ya maarifa ya jumla) na somo dogo moja, ama la Hesabu ama la kompyuta. Kwenye somo kuu, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 na O ni 1. GP na lile somo dogo, kila moja ukilifaulu lina pointi 1. Jumla ya juu kabisa ni 20. Hizo ndizo pointi zinazopigwa picha magazetini na kuandikwa kwenye mabango ya shule. Chuo kikuu cha umma hakichagui kwa hizo. Kinachagua kwa uzito.

Uzito ni hivi. Kila kozi huyapanga masomo kwa umuhimu wake. Kwa udaktari, Biolojia na Kemia ni ya lazima, na pointi zake huzidishwa mara 3. Somo kuu la tatu, kama Fizikia au Hesabu, huzidishwa mara 2. GP na somo dogo huhesabiwa mara 1. Kisha yanakuja matokeo ya UCE ya kidato cha nne: kwa miaka mingi kila Distinction imekuwa ikiongeza 0.3, kila Credit 0.2, na Pass ya 7 au ya 8 ikiongeza 0.1. Msichana huongezewa 1.5.

Sasa tuwachukue wavulana wawili wa kufikirika, mmoja wa Jinja na mmoja wa Mbale, wote wakisoma Biolojia, Kemia na Hesabu. Wote wamefaulu GP na kompyuta, na kidato cha nne wote walipata Distinction 4 na Credit 6, yaani 2.4. Wa Jinja ana B ya Biolojia, C ya Kemia na A ya Hesabu. Pointi zake ni 17. Wa Mbale ana A ya Biolojia, A ya Kemia na E ya Hesabu, jumla 16. Kijijini wa Jinja ndiye anayechinjiwa mbuzi. Lakini tupige uzito. Wa Jinja: 15, na 12, na 12, na 2 za GP na kompyuta, na 2.4 za kidato cha nne. Ni 43.4. Wa Mbale: 18, na 18, na 4, na 2, na 2.4. Ni 44.4. Mwenye pointi 16 amempita mwenye 17 kwa uzito mzima mmoja, na penye ushindani mkali uzito mmoja unaweza kuwa na makumi ya watu ndani yake. Na kama yule wa Jinja angekuwa msichana, angefika 44.9 na kurudi mbele.

Kwa hiyo mzazi akileta matokeo, asiulizwe pointi. Aulizwe herufi, somo kwa somo, na karatasi ya kidato cha nne iwe mezani. Nimewaona walimu wazuri wakifanya hivyo kwa kalamu na kipande cha karatasi, na dakika kumi zinatosha. Nimewaona pia wengine wakitoa hukumu kwa kutazama jumla tu, na hilo linaniuma, kwa sababu mtoto mwenye A mbili za lazima na E ya Hesabu huondoka shuleni akiamini amefeli.

Upande wa juu wa mizani hesabu hii ina ugumu usiosemwa vya kutosha. Mvulana mwenye A tatu, aliyefaulu GP na somo dogo, ana 50 kabla ya kidato cha nne. Akiwa na Distinction kumi anafika 53, na msichana 54.5. Hapo ndipo mwisho wa ngazi. Wanaogombea udhamini wa serikali kwa udaktari wa Makerere ni wanafunzi waliobanana karibu na kilele hicho, wengi wao wakiwa na A zilezile tatu. Wenye A zinazolingana watatenganishwa na nini? Na sehemu za kumi za kidato cha nne. Distinction moja iliyogeuka Credit katika Jiografia, mtoto akiwa na miaka 16, miaka miwili kabla ya kufanya mtihani wa Biolojia ya juu, ndiyo inayoweza kumtoa kwenye orodha ya serikali na kumhamishia kwenye orodha ya kujilipia. Wanaowaambia watoto wa kidato cha tatu kwamba UCE ni ya kupita tu wanawadanganya.

Chini ya hapo mambo yanabadilika. B badala ya A katika Biolojia au Kemia inamgharimu mtu uzito 3, sawasawa na Distinction zake zote kumi za kidato cha nne. Ile 1.5 ya wasichana, iliyoanza Makerere mwaka 1990 na ambayo kila mwaka watu huibishania kana kwamba ndiyo inayoamua kila kitu, ni nusu tu ya tofauti ya herufi moja katika Biolojia. Kwenye kilele inaamua mengi. Kwa msichana mwenye C mbili, haimtoi popote.

Tukishajua uzito wa mtoto, bado tuna nusu ya pili ya swali: uzito huo unatosha? Hapa watu hukimbilia kikomo, yaani uzito wa yule wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita. Orodha za vikomo hutumwa kwenye simu na kubandikwa ofisini kwa walimu kama sheria iliyopitishwa na Bunge. Kikomo hakiwekwi na mtu yeyote. Ni kama yule wa mwisho aliyepata sahani kwenye shughuli kabla ya sufuria kuisha: chuo kina nafasi kadhaa, waombaji wamepangwa kwa uzito, nafasi zikajazwa kuanzia juu, na pale zilipoishia ndipo pakaitwa kikomo. Mwaka unaofuata foleni ni nyingine.

Na foleni hubadilika kweli. Waliosajiliwa UACE walikuwa takriban 110,000 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakapita 140,000. Viti vya udaktari haviongezeki kwa kasi hiyo, kwa sababu vinategemea wodi, maiti za kujifunzia na madaktari wa kufundisha. Serikali nayo, katika bajeti ya 2022/23, ilipandisha mishahara ya wanasayansi, daktari wa kawaida akafikishwa shilingi milioni 5 kwa mwezi. Haihitaji utafiti mkubwa kujua familia za Iganga na Sironko zilisomaje habari hiyo. Kwa hiyo kikomo cha mwaka juzi kisomwe kama habari ya mwaka juzi. Mwenye kukipita kwa uzito mmoja asiseme ameshaingia, na mwenye kukikosa kwa nusu asichane fomu. La busara zaidi ni kutafuta vikomo vya miaka mitatu au minne ya kozi ileile katika chuo kilekile, kwa orodha ileile ya udhamini na jinsia ileile, na kuona vinapanda, vinashuka au vinayumba.

Kwamba alama ileile hununua nafasi tofauti kila mwaka si jambo la Uganda peke yake. India, yenye mtihani wa kitaifa wa kuingilia vyuo vya tiba, NEET, unaofanywa na watahiniwa zaidi ya milioni 2, ilipata somo hilo kwa uchungu mwaka 2024. Katika matokeo ya awali watu 67 walipata alama zote 720, na alama ambayo mwaka uliotangulia ingempa mtu chuo cha serikali ikamshusha chini sana kwenye orodha. Maelfu walikuwa wamejipima kwa vipimo vya mwaka wa nyuma. Kenya hesabu yao ina kipeuo cha pili ndani yake na inaishia kwenye 48, nao hutangaza vikomo hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta, jambo linalowapa watu imani kubwa kuliko hesabu yenyewe inavyostahili. Tanzania kima cha chini cha kuomba udaktari ni D tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani pointi 6. Kima cha chini kinakupa haki ya kupanga foleni tu, na mwombaji wa chuo cha Muhimbili mwenye D tatu analijua hilo.

Uganda nayo ina mtego huo. Kanuni ya kujiunga na chuo kikuu chochote ni kufaulu masomo makuu mawili, na watu huichukua kanuni hiyo ya jumla kama tumaini la udaktari. Kwenye chuo cha umma, mtu wa masomo mawili hana lake kwenye foleni ya udaktari.

Habari njema kwa mashariki ni kwamba foleni si moja tena. Shule ya tiba ya Makerere ilianza 1924 na kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa ya pekee nchini. Mbarara ikaja 1989, Gulu ikaanza kufundisha madaktari 2004, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Busitema kikafungua kitivo chake cha afya Mbale, ndani ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Baadaye zikaja Kabale na Soroti. Makerere ndiyo kwa kawaida hufunga juu kuliko wote, kwa hiyo uzito usiotosha Makerere unaweza kutosha Mbale au Soroti, na shahada ni ileile ya miaka mitano, na baraza linalosajili madaktari ni lilelile. Bado wapo wazazi wa Jinja wanaoona Busitema kama daraja la pili. Waende wakaitazame hospitali ya Mbale: wagonjwa wanatoka Bugisu, Bukedi, Sebei na Teso, na hospitali yenyewe ilishiriki jaribio la FEAST juu ya watoto wenye homa kali, ambalo matokeo yake ya 2011 yaliwashtua madaktari wa watoto duniani kuhusu kuwapa watoto hao maji ya mshipa kwa kasi. Mjini humohumo iko hospitali ya CURE, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupata jina duniani kwa upasuaji wa watoto wenye maji kichwani. Mwanafunzi wa tiba hakosi cha kujifunza pale.

Lakini nisipoteze muda wote kwenye hesabu, kwa sababu kuna jambo zito zaidi nyuma ya herufi zenyewe. Herufi ya somo kuu hutokana na karatasi kadhaa, na namna zinavyounganishwa karatasi moja dhaifu inaweza kuishusha herufi nzima hata kama zile nyingine zilikuwa nzuri. Katika Biolojia na Kemia, mojawapo ya karatasi hizo ni ya maabara. Fikiria darasa la kidato cha sita lenye wanafunzi themanini na bureti kumi. Mwalimu anasimama mbele, anafungua koki, tone la mwisho linaanguka, chupa inageuka waridi, na walio nyuma wanaambiwa imegeuka. Wanaandika 24.50 kwenye daftari kwa kuiga kutoka ubaoni. Siku ya mtihani wa UNEB mtoto huyo anapewa bureti yake mwenyewe, labda kwa mara ya pili au ya tatu maishani, na mkono unatetemeka. Anapitisha tone, anarudia, muda unakwisha. Alijua Kemia. Karatasi yake inasema hajui, herufi inatoka A kwenda B, na ile B inakwenda kuzidishwa mara 3.

UNEB yenyewe imelalamika mwaka baada ya mwaka kwamba shule nyingi hufundisha majaribio ya maabara kwa maneno. Shule za Mwiri na Nabumali zina historia na majengo. Shule nyingi za Buyende na Bulambuli zina chumba kimoja kilichoandikwa "Maabara" mlangoni. Tunapolinganisha 52 ya mtoto wa shule ya bweni ya Wakiso na 45 ya mtoto wa Bulambuli, tunalinganisha watoto wawili, na pia tunalinganisha bureti zao.

Mfumo wa nafasi za wilaya, ulioanza mwaka wa masomo 2005/06, ulikusudiwa kurekebisha hilo. Kati ya nafasi takriban 4,000 ambazo serikali hudhamini kila mwaka, karibu robo hushindaniwa wilaya kwa wilaya. Nia ni njema na ninaiunga mkono. Kasoro yake inajulikana: anayehesabiwa ni mtoto wa wilaya kwa asili, na asili haiulizi alisomea wapi. Mwenye ukoo Namisindwa aliyesomeshwa shule ghali Kampala anaweza kuichukua nafasi ya Namisindwa, na aliyesoma palepale chini ya mlima Elgon akabaki. Mimi ningetaka shule ihesabiwe pamoja na ukoo, na iwe shule ya kidato cha nne na cha sita zote mbili, ili uhamisho wa dakika za mwisho usiwe njia ya mkato.

Wapo watakaosema udaktari si mahali pa huruma, tunataka werevu kabisa. Basi tuulize alama inatabiri nini. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2002 yalikuta kwamba ufaulu wa kabla ya chuo unaeleza takriban asilimia 23 ya tofauti za ufaulu ndani ya shule ya tiba, na takriban asilimia 6 tu baada ya kuhitimu. Asilimia 23 si kidogo. Alama ina kazi, na mwenye E mbili asipelekwe kukata watu. Ila tofauti ya 52.1 na 51.8 haituambii lolote kuhusu nani atakuwa daktari bora. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2010 yaliyohuishwa 2021, lilishauri nchi ziwachukue wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kuhudumu huko. Bududa, ambako mlima uliporomoka Nametsi mwaka 2010 na kufukia watu, inahitaji daktari atakayekubali kukaa.

Anayekosa orodha ya udhamini ana njia kadhaa, na nitazitaja kwa haraka. Orodha ya kujilipia hufunga chini kidogo, ila ni miaka mitano ya ada za udaktari. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, hulipa ada lakini si chakula wala malazi. Vyuo binafsi vinapokea uzito mdogo zaidi. Hapo mzazi aulize Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na ithibati yake haijaisha. Watu wa Busoga hawahitaji kukumbushwa mwaka 2017, chuo kikuu cha Iganga kilipofutiwa leseni. Hakikuwa chuo cha tiba, lakini waliokuwa na vyeti vyake mkononi wanajua maana ya kuuliza mapema.

Njia ya diploma ndiyo ninayoona inadharauliwa bila haki. Chuo cha sayansi za afya cha Mbale hufundisha matabibu, wale ambao mgonjwa wa kituo cha afya huwaita musawo sawa na daktari. Jinja kuna uuguzi na ukunga, maabara, na mafunzo ya matabibu wa macho. Mwenye diploma aliyefaulu vizuri huomba udaktari katika kundi lake, na hashindani na A tatu za Wakiso. Ni safari ndefu, miaka mitatu kabla ya mitano, lakini anapoingia wodini mwaka wa kwanza ameshashika wagonjwa mia kadhaa. Mzazi wa mtoto mwenye uzito wa 38 akiniuliza, namwelekeza huko kabla ya kumwelekeza chuo cha bei mbaya kwa mkopo wa sako.

Na sasa mizani yenyewe inabadilika. Wanafunzi wa mtaala mpya walifanya UCE ya kwanza mwaka 2024, na matokeo yao yana herufi A hadi E, asilimia 20 ikitokana na kazi za shuleni na 80 mtihani. Distinction na Credit hazimo tena. Hesabu ya 0.3 na 0.2 ilijengwa juu ya maneno hayo, na kundi hilo ndilo linalofika UACE mwaka 2026. Sehemu za kumi zilizokuwa zikiamua kilele lazima zitafutiwe kipimo kipya, na vikomo vyote vya nyuma havitalingana moja kwa moja na vya kundi hili. Mwalimu atakayeshika orodha ya zamani mbele ya mtoto wa mtaala mpya atampotosha bila kujua.

Kwa hiyo vyuo vinawiwa na wazazi na walimu maelezo kamili zaidi ya kikomo kitupu. Vitangaze pamoja nacho waombaji walikuwa wangapi, viti vingapi, uzito wa katikati ulikuwa ngapi, na waliochukuliwa walisoma kidato cha sita wilaya zipi. Takwimu hizo zimo tayari kwenye kompyuta za ofisi ya msajili. Busitema, ambayo wodi zake ziko Mbale na ambayo watoto wa barabara ya Tirinyi wanaiona kila wakienda mjini, ingeweza kuanza na majedwali yake ya tangu 2013 na kuyapeleka kwa walimu wakuu wa Jinja, Iganga, Budaka na Mbale kabla ya fomu za mwaka huu kujazwa.